Mkufunzi anataka nifike kilo 52. Je, niendelee na mbio za farasi?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Molo, na ninajifunza ujoki chini ya mkufunzi mmoja mwenye mabanda ya farasi katika eneo letu. Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa hapo kama saisi, kazi yangu ikiwa kuzoa samadi, kutandaza maranda tunayoletewa kutoka viwanda vya mbao vya Elburgon, kuwanywesha farasi na kuwapiga brashi. Siku moja mkufunzi aliniona nikimtuliza farasi mkorofi bila kumkaza lijamu, akasema nina mikono mizuri, akanichukua niwe mwanafunzi wake. Tangu hapo nimepanda katika mbio za Jumapili kule Ngong, Nairobi, na nimewahi kushinda.

Siku yangu huanza saa kumi na nusu alfajiri. Kabla ya kumtia farasi tandiko, hupitisha kiganja kwenye miguu yake ya mbele, kuanzia gotini hadi juu ya ukwato, kwa sababu kano iliyoumia hupata joto kabla haijavimba, na ukiigundua mapema farasi hupumzishwa badala ya kuharibika kabisa. Kisha tunatoka kwa mazoezi huku baridi ya Molo ikitukata masikio. Kazi hii ninaipenda, Mjomba, kuliko jambo lolote nililowahi kufanya.

Shida yangu ni uzito. Nilipoanza nilikuwa na kilo 51 wala sikuwa na haja ya kujinyima chakula. Tangu wakati huo nimerefuka, sasa nina futi 5 na inchi 8, na nikila kama watu wengine ninafika kilo 58. Mkufunzi anataka nisome kilo 52 kwenye mizani kila tunapokwenda Ngong, kwa sababu mwanafunzi hupunguziwa uzito katika mbio, na anasema nafuu hiyo haina faida ikiwa mwili wangu ndio unaoimaliza. Kwa hiyo kuanzia Alhamisi ninakula yai moja na chai ya strungi, Ijumaa ninakimbia nikiwa nimevaa jaketi mbili na nailoni ndani yake, na Jumamosi sinywi maji hata kidogo. Safari iliyopita nilipunguza karibu kilo tatu kwa siku moja. Mizani ilinikubali, lakini tulipokaribia mwisho wa mbio mikono iliishiwa nguvu, hatamu zikaniteleza, na farasi wangu akahama njia hata nusura amgonge mwenzake aliyekuwa kando yetu. Wasimamizi wa mbio waliniita wakanionya. Sikuwaambia kwamba nilikuwa ninaona giza.

Baada ya hapo mkufunzi alinipa vidonge vya kukojoza, akaniambia kwamba majoki wengi huvitumia kimyakimya, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwamba Lester Piggott wa Uingereza alikuwa mrefu kama mimi lakini akawa bingwa. Nilipovimeza, miguu ilikakamaa usiku kucha na moyo ukawa unapiga ovyo.

Jambo la pili ni malipo. Hatuna mkataba wowote ulioandikwa. Mkufunzi hunipa mshahara wa saisi mkononi, na ada zangu za kupanda katika mbio huzipokea yeye, akisema ananiwekea hadi nimalize mafunzo. Nikimuuliza zimefika kiasi gani, hukasirika na kuniambia kwamba vijana wanaoitaka nafasi yangu wamejaa langoni. Kaka yangu anataka niache nikaendeshe bodaboda yake hapa Molo. Mama, ambaye hunitegemea kwa karo ya mdogo wangu, anaona mbio za farasi ni kamari tupu, na anaumia kwamba Jumapili sionekani kanisani. Je, nivumilie au niache?

Mwanafunzi wa ujoki, Molo

—

Marahaba, mpwa wangu.

Vidonge hivyo usivimeze tena, hata kimoja, na usingoje kwanza kuzungumza na mkufunzi ndipo uviache. Dawa za kukojoza hutolewa na daktari kwa wagonjwa wa moyo, wa figo au wa shinikizo la damu, naye huwafuatilia kwa vipimo, kwa sababu maji yanayotoka hubeba chumvi na potasiamu, madini ambayo misuli huyahitaji ili isikakamae na moyo huyahitaji ili upige kwa mpangilio. Dalili ulizozieleza zinalingana na upungufu huo, na upungufu huo unaweza kuusimamisha moyo wa kijana mzima kabisa, hasa akiwa tayari amejinyima maji. Nenda hospitali wiki hii, mweleze daktari waziwazi ulichomeza na kwa nini, umwombe akupime damu na moyo. Ujue pia kwamba dawa za aina hii zimo katika orodha ya WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa haramu michezoni, na mamlaka za mbio za farasi katika nchi kama Uingereza huwapima majoki na kuzikataza. Siku mkojo wako utakapopatikana nazo, atakayefungiwa ni wewe, na aliyekupa atasema hajui ulizitoa wapi.

Sasa tuje kwenye mizani yenyewe. Msomaji ambaye hajawahi kufika Ngong anahitaji kuelezwa kwamba katika mbio nyingi kila farasi hupangiwa uzito wa kubeba kulingana na uwezo wake, aliye bora akabebeshwa zaidi ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Joki hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya mbio, akipungua huongezewa vipande vya risasi chini ya tandiko, na baada ya mbio hupimwa tena, maana farasi aliyekimbia na uzito pungufu anaweza kunyang'anywa ushindi. Mwanafunzi hupewa nafuu kwa kuwa bado hajakomaa kama wale anaoshindana nao. Huko Uingereza, kwa mfano, katika mbio za uwanda tambarare, yaani zisizo na vizuizi vya kuruka, mwanafunzi hupunguziwa ratili 7, yaani kilo 3 na ushei, mpaka ashinde mara 20, kisha ratili 5 mpaka afikishe ushindi wa 50, na baadaye ratili 3 mpaka 95. Utaratibu huo una nia njema kabisa, kwani bila nafuu hiyo mwenye farasi asingekuwa na sababu ya kumkabidhi mnyama wa thamani kijana asiye na uzoefu.

Hapo ndipo mkufunzi wako alipogeuza mambo. Nafuu iliyowekwa kukupa muda wa kujifunza ameifanya sababu ya kukukausha. Kweli hesabu yake ina mantiki: farasi aliyepangiwa kilo 55 akipandwa na mwanafunzi anayepunguziwa 3, anabeba 52, na mwanafunzi akisoma 55 kwenye mizani nafuu imepotea. Lakini ameitazama hesabu upande mmoja tu. Katika orodha hiyohiyo ya mbio kuna farasi waliopangiwa uzito mkubwa, na hao ndio wanaoumizwa zaidi na mzigo wao. Aliyepangiwa kilo 60 akipandwa na mwanafunzi mwenye nafuu ya 3 anabeba 57, na mwenye farasi hulifurahia jambo hilo sana. Joki mwanafunzi mrefu mahali pake ni juu ya farasi hao, na mkufunzi anayemthamini mwanafunzi wake humtafutia wapandwa kama hao hata kwa wakufunzi wengine.

Nimefanya hesabu ya mwili wako nikitumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho hugawanya uzito wa mtu kwa urefu wake uliozidishwa kwa wenyewe, na ambacho humhesabu mtu mzima kuwa na uzito pungufu akiwa chini ya 18.5. Ukiwa na kilo 58 uko kwenye 19.4, mwembamba lakini salama. Ukiwa na kilo 52 unashuka hadi 17.4. Mpaka wako wa chini, kwa urefu huo, uko kwenye kilo 55 na kidogo. Tena kumbuka kwamba kilo 52 za mizani zinajumlisha tandiko na mavazi, kwa hiyo mwili wenyewe unatakiwa kushuka hata chini ya hapo. Ongeza tandiko jepesi na viatu kwenye kilo 55 na ushei, utaona kwamba uzito wako wa kweli wa kupandia ni karibu kilo 57. Hiyo ndiyo tarakimu unayopaswa kuipeleka kwa mkufunzi, baada ya mtaalamu wa lishe kuithibitisha, na kama bado unarefuka tarakimu hiyo nayo itapanda.

Ulichokifanya ile Jumamosi hakikupunguza uzito, kilipunguza maji. Nguvu na umakini wa mwanamichezo huanza kudorora anapopoteza kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake kwa jasho, nawe ulipoteza karibu asilimia 5, kisha ukapanda mnyama wa zaidi ya kilo 400 anayekaribia kasi ya kilomita 60 kwa saa, ukiwa umezungukwa na wengine. Nusura umgonge mwenzako. Kama farasi yule angejikwaa, joki wake angeanguka mbele ya kwato za waliokuwa nyuma, na lile onyo la wasimamizi lingekuwa dogo mno mbele ya yale ambayo ungeishi nayo. Ninalisema hili bila kukulaumu, kwa maana hukuwa na mtu mzima wa kukuzuia. Lakini kuanzia leo unajua, na siku utakapoamka Ngong ukiona kizunguzungu ni wajibu wako kumwambia daktari wa uwanjani kabla hujapanda.

Kuna na la mifupa, ambalo vijana hawalioni kwa kuwa haliumi. Mifupa huendelea kujijenga mpaka miaka ya ishirini na kitu, na uchunguzi uliofanywa kwa majoki wa Ayalandi umeonyesha kwamba wengi wao wana mifupa dhaifu kuliko vijana wa rika lao. Joki ni mtu ambaye lazima ataanguka siku moja. Anayejinyima chakula akiwa na miaka 19 anajiandalia kuvunjika vibaya katika anguko ambalo mwenzake angeinuka akajipangusa mavumbi.

Kuhusu Piggott, mkufunzi hakukudanganya. Alikuwa mrefu, alishinda mbio zake za kwanza akiwa na miaka 12, na alishinda Derby ya Epsom mara 9. Alijinyima chakula maisha yake yote ya mbio, na alikuwa na kipaji ambacho hakijirudii. Lakini mbona hakukutajia Fred Archer, joki mwingine mrefu wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa nchi hiyo misimu 13 mfululizo? Archer alijikondesha kwa njaa na dawa za kuharisha ili apate kupanda farasi wepesi, akashikwa na homa kali mwili ukiwa umekwisha, na mwaka 1886 akajitoa uhai akiwa na miaka 29. Anayekupa mfano wa aliyepona angekuwa muungwana kama angekupa na wa yule aliyekufa.

Katika chakula nitasema machache, kwa sababu wa kukupangia ni mtaalamu wa idara ya lishe katika hospitali ya rufaa ya kaunti, mjini Nakuru. Usilale njaa siku tatu halafu ukala kwa pupa Jumapili jioni. Punguza ugali na mafuta wiki nzima, baki na mayai, maharagwe, mboga, maziwa na omena, kunywa maji kila siku hadi asubuhi ya mbio, na ujipime kila asubuhi kwa mizani ileile. Ukiona kwamba hata kwa kula hivyo hushuki chini ya kilo 57 pamoja na tandiko, basi mwili umeshatoa uamuzi.

Katika malipo, mpwa wangu, nataka unisikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa hapa una nguvu kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inapomtaja mwajiriwa inamjumlisha waziwazi na mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi kama wewe. Kwa hiyo mkufunzi hawezi kusema kwamba wewe ni mwanafunzi tu na huna haki. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba ulioandikwa, na anayetakiwa kuuandaa ni mwajiri. Unastahili hati inayoonyesha mshahara wako na makato yake, angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa mwaka. Farasi hula hata siku ya Krismasi, ninalijua hilo, lakini hiyo ni hoja ya masaisi kupeana zamu, si ya mtu mmoja kufanya kazi mwaka mzima bila kupumzika.

Ada za kupanda ni jambo la makubaliano, na katika nchi kadhaa mkufunzi hugawana ada na mwanafunzi wake, kwa kuwa amemlisha, amemlaza na amemfundisha. Kugawana si dhuluma. Dhuluma ni kukuwekea pesa ambazo hujui idadi yake, bila maandishi, kisha kukutishia unapouliza. Makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya yametajwa na sheria, na hifadhi ya kimyakimya haimo. Bahati nzuri ni kwamba kila mara ulipopanda Ngong jina lako lilichapishwa kwenye orodha ya mbio pamoja na jina la farasi, kwa hiyo hesabu hiyo haiwezi kupotea. Nunua daftari leo. Andika tarehe ya kila mbio unayoikumbuka, farasi uliyempanda, uzito uliobeba na nafasi uliyoshika, na kando yake fedha ulizopewa mkononi na tarehe yake. Halafu uliza kama unawekewa akiba ya NSSF na kama mchango wako wa bima ya afya ya SHA unalipwa, kwa maana mengi ya haya unaweza kuyathibitisha mwenyewe kwa simu.

Swali moja usilisahau: je, mkufunzi amekukatia bima ya ajali kazini? Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, inamlazimu mwajiri kuwa nayo, na inampa aliyeumia haki ya kulipwa mradi ajali iripotiwe na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Katika kazi ambayo watu huanguka, bima hii ina uzito kuliko mshahara. Kijana aliyevunjika nyonga akiwa hana karatasi hata moja ya kuonyesha aliajiriwa na nani hubaki mzigo wa mama yake.

Kwa mama, mweleze kwamba kuna tofauti kati ya anayeweka dau na anayepanda, na kwamba kanuni za mbio katika nchi nyingi humkataza joki kabisa kuweka dau. Ibada ya katikati ya wiki ipo, na uchungu wake utapungua akikuona huko. Kaka yako anakutakia mema, ila bodaboda nayo ina ajali zake, na sioni kwa nini uuache ujuzi adimu ukimbilie kazi inayofanywa na nusu ya vijana wa mtaa.

Ujuzi ulio nao ni mpana kuliko ujoki. Mtu anayehisi joto la kano kwa kiganja kabla uvimbe haujatokea anatakiwa katika kila banda la farasi, awe na kilo 52 au 70. Farasi wa mbio hufanyishwa mazoezi karibu kila siku na wapandaji ambao hawapimwi na karani yeyote. Kuna kazi ya fundi wa kwato, ambayo wanaoijua vizuri ni wachache na wafugaji huwasafirisha kutoka mbali. Kuna unyapara wa mabanda, ambao ni hatua ya kuelekea ukufunzi wenyewe. Ukitaka cheti, vyuo vya AHITI, kikiwemo cha Nyahururu, hufundisha afya ya mifugo. Uliza kama alama zako za kidato cha nne zinatosha. Ukumbuke pia kwamba huko Njoro, jirani kabisa na kwenu, ndiko alikokulia Beryl Markham, ambaye miaka 100 iliyopita alikuwa akiwafunza farasi wa mbio katika nchi hii akiwa binti mdogo, na hakuwa joki wa Ngong.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usiache farasi, acha kilo 52. Mwendee mkufunzi jioni farasi wakishalishwa, siyo alfajiri ya mazoezi wala siku ya kurudi kutoka Ngong mkiwa mmeshindwa. Nenda na nyapara au mtu mzima mwingine anayemheshimu, ukiwa na barua ya daktari na daftari lako. Mwambie: "Mzee, ninakushukuru kwa kunitoa kwenye samadi na kunipandisha juu ya farasi. Daktari amesema uzito wangu wa kupandia ni kilo 57, na vidonge sitatumia tena. Ninaomba unipe farasi waliopangiwa uzito mkubwa, na siku nyingine niendelee na mazoezi. Ninaomba pia tuandikiane mkataba na tuhesabu ada zangu za nyuma." Kisha nyamaza, umwache azungumze.

Huenda akakubali, kwa sababu kijana mwenye mikono mizuri hapatikani langoni kila siku, licha ya anavyosema. Akikubali kilo 57 lakini akakwepa mkataba, mpe hadi mwisho wa mwezi, halafu upeleke daftari lako kwenye ofisi ya leba mjini Nakuru; huhitaji wakili kuwasilisha malalamiko huko. Na akisisitiza vidonge, ondoka katika mabanda hayo siku hiyohiyo, uwaeleze Jockey Club of Kenya, wanaosimamia mbio za Ngong, kilichotokea siku ile hatamu zilipokuteleza, uwaombe wakuelekeze kwa mkufunzi mwingine anayehitaji mpandaji wa mazoezi.